Huna kabati? Vikapu vinatosha kabisa, ngoja nikwambie

Anayekaa nyumba ya kupanga hapa Dar anaijua hii shida, unapewa chumba na sebule, kuta nne na swichi, jikoni sinki tu basi, kabati hakuna hata la kuwekea dawa ya mswaki. Ukisema umwite fundi akujengee kabati la ukutani siku ukihama unamwachia mwenye nyumba na asante hupati. Ukisema ununue la kusimama, ya mafundi wa Keko hapa mjini ni mazuri mbona, lakini subiri siku ya kuhama uone linavyopigana na korido, mlango mmoja umeng'oka, mguu umelegea, na wabebaji wanataka hela ya ziada kwa sababu ni zito.

Mimi nikaamua kwenda na vikapu. Na sisemi kwamba ni kwa sababu ya urembo, urembo ulikuja baadaye, mwanzo ilikuwa ni hela na kuhamahama. Siku ya kuhama vikapu unavipachika kimoja ndani ya kingine, vyenye vitu unafunga khanga juu, vinapanda kirikuu pembeni ya godoro, na usiku huohuo nyumba mpya tayari kila kitu kina pa kukaa. Hivi jamani ni kabati gani litakufanyia hivyo?

Sasa ushauri wangu wa kwanza, usianzie sokoni. Anzia nyumbani, angalia ni nini kinazagaa kila siku. Kwangu ilikuwa remoti na chaja, viatu vya mlangoni, nguo za kufua, midoli ya mtoto, vitunguu, na ile mifuko mbadala ambayo tangu ya plastiki ipigwe marufuku 1 Juni 2019 kila nyumba ina rundo lake nyuma ya mlango wa jikoni, usinidanganye kwako haipo. Kila kinachozagaa kipe kikapu chake na kazi yake ijulikane na watu wote mpaka dada wa kazi na mtoto. Kikapu cha "vitu vingine" usikiweke kabisa maana ndani ya muda mfupi kina risiti za luku, betri zilizokufa, misumari, hereni ya upande mmoja na funguo za kufuli ambalo halipo, yaani umehamisha tu uchafu ukauwekea mikono ya kubebea.

Halafu pima. Kama kikapu kinaenda chini ya meza ya tivii au kwenye shelfu chukua uzi upime urefu na kina, uende nao sokoni, na acha nafasi ya mkono kupita juu, la sivyo kila ukitaka soksi unavuta kikapu kizima na baada ya hapo unaanza kuziacha nje.

Tukija kwenye aina hapa ndo watu wengi wanapigwa, wanaangalia rangi tu. Vile vya ukili vya kwetu Pwani na Visiwani, vya ukindu au miyaa, yaani majani ya miti ya jamii ya mnazi, ni vilaini, vinajikunja, vizuri kwa khanga, mashuka, taulo, vitu vinavyojaza kikapu vyenyewe kikasimama. Ukikiweka kitupu kinalala. Vya Iringa, vile vya milulu, nyasi za majimaji, wanavyosuka kinamama wa Kihehe, vile vinasimama vyenyewe hata vitupu, vina rangi yao ya krimu iliyotulia na mistari, hivyo mimi naviweka sehemu inayoonekana, sebuleni, kwa magazeti na midoli. Kiondo cha Kenya cha mkonge ni imara sana ila kinavutika, kizuri kuning'inia nyuma ya mlango na ndo nakwendea sokoni. Kuna agaseke za Rwanda, vile vidogo vyenye kifuniko chenye ncha, hivyo hata kwenye nembo ya taifa lao vipo, kwa hereni na cheni ni vizuri lakini vingi bei yake siyo ya mchezo, kimoja mezani kinatosha. Matenga ya mianzi, yale ya nyanya, watu wanayadharau lakini kwa viatu mlangoni hakuna kama tenga, hewa inapita, mchanga unadondoka chini unafagia. Na vile vya mikanda ya plastiki vipeleke bafuni, huko ukindu usipeleke, utaoza.

Ukifika kwa muuzaji usione aibu, kigeuze kikapu chini juu. Vya ukili vinaanza kama mkanda mrefu uliosukwa afu unashonwa mzunguko kwa mzunguko, kwa hiyo kinachokufa kwanza huwa ni mshono. Pitisha kidole gumba taratibu kwenye mshono kuanzia kitakoni ukizunguka, ukiona ukili umeachana kiasi kwamba unauona mwanga, acha. Bonyeza kitako, kikibonyea kisirudi ujue kimekaa juani muda mrefu kimekauka, kitapasuka. Vuta mikono yote miwili, siyo kwa adabu, vuta kama kina kilo tano za viazi. Kisha kama kina rangi chukua tishu ilowanishe kidogo sugua ile nyekundu au zambarau. Tishu ikitoka na rangi, hicho hakifai kuwekewa shuka jeupe, labda ukitandike kitambaa ndani. Muuzaji atanuna kidogo, mwache anune, mimi siku hizi wananijua na wenyewe wananitolea vizuri kabla sijaanza kusugua. Bei ya kwanza usiikubali lakini pia usimkandamize mama wa watu, kikapu kimoja kikubwa kinasukwa siku kadhaa na hapo hujahesabu kukata majani, kuyaanika, kuyachana na kuyatia rangi.

Jikoni sina maneno mengi. Vitunguu kikapu cha wazi chenye hewa, viazi kikapu chao kwenye giza maana viazi vikipigwa na mwanga vinaota ukijani na ule siyo wa kula. Nyanya mbivu usizirundike juu kwa juu. Kama nyumbani kwenu bibi ana kawa, lile la kufunikia chakula, liombe, linakaa vizuri kuliko neti za dukani na mgeni lazima aulize.

Nguo chafu weka kapu kubwa lenye mfuniko, ndani shonea mfuko wa kitenge wenye kamba, siku ya kufua unatoa mfuko tu. Na tafadhali nguo mbichi isiingie humo, taulo la asubuhi lianike kwanza. Kwa joto na unyevu wa hapa Dar kapu linashika ukungu haraka na ile harufu haitoki kirahisi.

Urembo sasa. Mimi ukuta wa sebule nimeutundikia nyungo za saizi tofauti, kubwa moja siyo katikati kabisa, kidogo pembeni, ndogo zimeizunguka. Zile za sokoni za kupepetea mchele, siyo za watalii. Kwanza zipange chini sakafuni, zisogezesogeze mpaka uridhike, piga picha na simu ndo upande ukutani. Ungo ni mwepesi, msumari mmoja mwembamba wa zege unatosha, muulize mwenye nyumba kabla, wengine msumari mmoja tu ni kesi. Kuna watu wanazipulizia rangi ya dhahabu, sijui nani alianzisha, mimi naona wanaziharibu, rangi ya asili ya ungo inazidi kukolea na miaka, ya dhahabu inabanduka.

Maua ya ndani, ndoo yake ya plastiki ibaki, tia sahani chini yake, vyote vidumbukize kwenye kikapu. Ukipanda ua moja kwa moja kwenye kikapu maji yanakula kitako. Na wanaotoboa kikapu kukifanya kava ya taa, globu iwe ya LED, zile za zamani za waya zinachemka na hayo ni majani makavu, moto hautanii.

Kutunza siyo kazi. Brashi ya meno kuukuu kwa vumbi la kwenye mshono, kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kwa madoa, anika kivulini penye upepo, jua kali linapausha rangi na kukausha majani. Kilichopinda kinyunyizie maji, kijaze nguo mpaka kikae shepu, kiache kikauke hivohivo. Masika ikiingia visogeze mbali na ukuta na sakafu, hata juu ya vipande vya mbao, na kila wiki vimwage vyote upitishe hewa. Kwenye vya mianzi ukiona unga laini chini yake ujue bungua, wale wadudu wanaotoboa mbao, wameingia, kitoe nje siku hiyohiyo kabla hawajahamia kitandani. Na kilichochakaa kabisa mpe jirani mwenye kuku, weka majani makavu ndani, tetea atataga humo vizuri tu.