Kona ya Mashabiki: Osimhen hayupo, sasa Afrika tumebaki na nani Kombe la Dunia?

Tangu droo ya Kombe la Dunia la 2026 ichezeshwe kule Washington tarehe 5 Desemba 2025 simu ya safu hii haijapumzika, na AFCON ya Moroko ilivyoisha ndo mmezidisha kabisa. Nimechagua maswali machache, yale ambayo wengi mmeuliza kwa namna moja au nyingine. Walioandika kurasa nne wanisamehe, nimewafupisha.

Habari za kazi kaka. Kijiweni kwetu tumegawanyika na upande wangu nimebaki peke yangu. Jamaa wanasema Afrika safari hii hatuna timu, Nigeria hawapo, Kameruni hawapo, Osimhen, straika wa Nigeria, ataangalia kwenye tivii kama sisi, halafu tunapeleka Cape Verde na Afrika Kusini, wachezaji ambao hata majina hatuwajui. Mmoja kashasema ataweka mkeka timu zetu zote zitoke makundi. Nipe hoja maana zangu zimeisha.
*Shabiki, Mwananyamala, Dar es Salaam*

Zimeisha kwa sababu mmeingilia mlango wa majina kaka, na kwa majina utashindwa kila siku. Mimi timu ya taifa naiangalia kwa njia iliyopita mpaka kufika hapo, na jinsi inavyoishi kambini. Wachezaji wanaonana siku kumi hapa, siku kumi pale, kama kuna ugomvi wa posho au kocha kabadilishwa juzi basi hata uwe na straika wa dhahabu pasi hazimfikii.

Chukua hao hao Nigeria. Walianza mchujo kwa sare na Lesotho, sare na Zimbabwe, wakapigwa na Benin, na hapo katikati kocha Peseiro kaondoka, Finidi kaja kaacha, Eguavoen kashikilia, mpaka Januari 2025 ndo akaja Chelle. Wakapona kidogo wakapata mchujo wa ziada Novemba kule Moroko, na siku chache kabla ya mechi na Gabon wachezaji wakagoma kufanya mazoezi kwa sababu ya marupurupu yao ambayo hayajalipwa. Gabon waliwafunga nne moja, sawa, ila kwa Kongo ya Kinshasa wakatolewa kwa matuta. Hiyo ndo timu ya majina.

Sasa njoo Cape Verde. Nchi ina watu nusu milioni na kidogo, Zanzibar peke yake inawazidi zaidi ya mara tatu. Walipigwa nne moja na Kameruni kule Yaoundé Juni 2024, timu nyingine hapo kocha angeshafukuzwa, wao wakabaki na kocha wao Bubista, na Septemba 2025 Kameruni haohao walipokuja Praia wakalala moja bila. Tarehe 13 Oktoba wakawafunga Eswatini tatu bila, wakamaliza vinara wa kundi. Na kikosi chenyewe wamekiokota dunia nzima, Ureno, Uholanzi, Ufaransa, popote walipo watoto wao. Kuna beki anaitwa Roberto Lopes, wenyewe wanamwita Pico, kazaliwa Dublin baba yake ni wa Cape Verde, kocha wa wakati huo alimtumia ujumbe kwa Kireno kwenye LinkedIn, ule mtandao wa kutafutia kazi, jamaa akadhani ni takataka za mtandaoni akauacha. Miezi kama tisa baadaye kocha akamwandikia tena kwa Kiingereza kumuuliza vipi umefikiria, ndo akashtuka akarudi kuutafsiri ule wa kwanza. Leo anakwenda Kombe la Dunia. Aisee mimi hii habari naipenda mno, na kila nikiisimulia nawaza watoto wa Kitanzania na Kikenya walioko Sweden, Uingereza na Australia ambao hakuna aliyewahi kuwaandikia hata mstari mmoja.

Na Afrika Kusini jamaa zako wasiwaguse kabisa. Walinyang'anywa pointi tatu na FIFA kwa kumchezesha Mokoena dhidi ya Lesotho wakati amefungiwa kwa kadi, bado wakaongoza kundi mbele ya Nigeria na Benin. Kocha Hugo Broos aliwachukua tangu 2021, wachezaji wengi wanatoka Mamelodi Sundowns na Orlando Pirates yaani wanaonana kila wiki, na kipa ni Ronwen Williams, yule aliyepangua matuta manne kwenye robo fainali ya AFCON kule Kodivaa dhidi ya hao hao Cape Verde. Hawajulikani kwa nani? Kwa anayeangalia Ligi Kuu ya Uingereza peke yake.

Kwa hiyo wakianza tena kuhesabu majina, wewe waulize kocha wa timu yao ana muda gani na posho zimelipwa. Na huo mkeka mwambie ahifadhi hela yake.

Shikamoo mwandishi. Mwanangu ana miaka 11, AFCON alilia Stars walipofungwa na Nigeria halafu akashangilia mpaka majirani wakaja tulipopita. Sasa ananiuliza tulipitaje na pointi mbili tu wakati hatukushinda mechi hata moja, na kama Kombe la Dunia pia iko hivyo. Mimi sijui nimjibu nini, baba yake naye hajui vizuri.
*Mama wa watoto wawili, Tanga*

Marahaba mama, na mpe hongera huyo kijana, anauliza swali ambalo watu wazima wanalipita.

Kwenye AFCON kuna timu 24, makundi sita ya timu nne nne. Wa kwanza na wa pili wanapita wote, hao ni 12, halafu ili wafike 16 wanachukuliwa wa tatu bora wanne kati ya sita. Stars tulifungwa mbili moja na Nigeria, tukatoka moja moja na Uganda, moja moja na Tunisia lile goli la Feisal, tukawa wa tatu na pointi mbili na katika makundi mengine mawili wa tatu wao walikuwa hoi zaidi yetu. Mwambie hatukubebwa. Ureno walichukua Euro ya 2016 baada ya kutoa sare mechi zote tatu za makundi, nao walipita kama wa tatu, na hakuna anayewadai kombe.

Kombe la Dunia la 2026 mlango ni mpana zaidi maana timu zimeongezwa kutoka 32 mpaka 48. Makundi ni 12, wa kwanza na wa pili wote wanapita, pamoja na wa tatu bora wanane, inakuwa raundi ya timu 32. Kushinda mechi moja tu kunaweza kukutosha. Ndo maana nikiona mtu anasema Ghana watatoka kwa sababu wako na Uingereza na Kroatia namuuliza, na Panama je? Mwache mtoto apige hesabu za kila kundi kwenye daftari, hisabati yake itapanda bila kutumwa.

Na akikuuliza kwa nini sisi wenyewe hatupo huko Marekani, mwambie ukweli. Zambia tuliwafunga kwao Ndola, tukaona tumefika, halafu nyumbani, Amaan pale Zanzibar, tukafungwa moja bila na Niger na mwezi uliofuata moja bila na Zambia. Moroko walituzidi, hilo tunalikubali. Lakini zile mbili za Amaan bado zinaniuma, zile zilikuwa zetu.

Ndugu mwandishi, siye huku Bukavu tunangoja mwezi wa tatu 2026 kwa roho juu. Leopards, timu yetu ya Kongo, wamebakiza mechi moja. Lakini kila nikiongea mpira na watu wa Tanzania na Kenya wananikumbusha 1974, tisa bila na yule aliyekimbia akapiga mpira wa adui. Wanacheka. Ilikuwaje kweli? Na safari hii tutafika?
*Msomaji, Bukavu*

Pole sana ndugu, na wanaocheka hawajui wanachokicheka.

Zaire ya 1974, ndo Kongo yenu ya leo, haikuwa timu ya mchezo. Machi mwaka huo huo walikuwa wametoka kuchukua Kombe la Afrika kule Misri, Ndaye Mulamba kafunga magoli tisa kwenye mashindano mamoja, rekodi ambayo mpaka leo haijaguswa. Walikuwa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Mechi ya kwanza Uskoti waliwafunga mbili bila tu, na walicheza mpira unaoeleweka. Baada ya hapo ndo wachezaji wakajua kwamba hela walizoahidiwa hazipo, wakataka kugoma, wakaingia kucheza na Yugoslavia mioyo ikiwa imeshatoka nje ya uwanja. Kipa Kazadi akatolewa wakiwa wamefungwa tatu, Ndaye akapewa kadi nyekundu kwa kosa la mwenzake, refa alimchanganya. Tisa bila ikatokea hivyo.

Na ule mpira wa adhabu wa Brazil, Mwepu Ilunga mwenyewe alikuja kueleza baadaye kwamba sheria alizijua vizuri, walikuwa wametishwa na watu wa Rais Mobutu kwamba wakifungwa zaidi ya tatu wasirudi nyumbani, naye alikuwa na hasira ya kutumika bure. Tazama ile picha tena ukijua hilo. Mtu yule anaogopa na ana hasira kwa wakati mmoja, na dunia nzima imemcheka miaka hamsini. Mimi nililelewa nikicheka pia kwa sababu ndivyo tulivyosimuliwa, na nilipokuja kujua niliumia kweli.

Ya sasa ni timu nyingine. Kocha Desabre, ambaye Waganda wanamkumbuka maana aliwapeleka Cranes hatua ya 16 bora AFCON ya 2019, ameituliza kambi. Novemba waliwatoa Kameruni kwa goli la Mbemba dakika za jioni kabisa, siku tatu baadaye wakawatoa Nigeria kwa matuta na la mwisho akapiga Mbemba huyo huyo. Mnangoja mshindi kati ya Jamaika na New Caledonia, mechi iko Meksiko, na mkipita mnaingia kundi la Ureno, Kolombia na Uzbekistan. Naamini mtafika. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu, timu inayoshinda mechi mbili za kufa na kupona mwishoni kabisa ni timu ambayo wachezaji wake wanataka kubaki pamoja.

Salaam aleikum. Mimi ni Brazil tangu 2002, utotoni marehemu baba alinibeba kwenda kutizama fainali ile ya Ronaldo kwa jirani mwenye tivii. Sasa Brazil wamepangwa na Moroko na hapa maskani naitwa msaliti wa Afrika, hata salamu wengine hawajibu. Kweli nibadili timu? Na nani atashinda?
*Mbrazili wa Kisauni, Mombasa*

Waaleikum salaam ndugu yangu, na Mungu amrehemu mzee. Timu uliyopewa na baba haibadilishwi kwa kelele za maskani. Wanaokuita msaliti nusu yao ni Arsenal na Manchester, mbona huko hawajatafuta timu ya Afrika? Wasalimie tu, watajibu.

Ila swali la pili jibu langu hutolipenda. Brazil wamemaliza wa tano kwa Amerika Kusini, wamepigwa nne moja na Argentina kule Buenos Aires, kocha Ancelotti kaja katikati ya safari, Bolivia wakawafunga, Japani wakatoka nyuma mbili bila wakawafunga tatu mbili. Moroko kwa upande wao walishinda mechi zao zote nane za mchujo na wakaruhusu magoli mawili tu. Utaniambia kocha Regragui wa Moroko naye 2022 alipewa timu miezi mitatu kabla na akafika nusu fainali. Ni kweli, lakini yeye alikuta nyumba ina ukuta tayari, alichofanya ni kumrudisha Ziyech aliyekuwa kagombana na kocha aliyetangulia, akapatanisha watu. Na huo ukuta wenyewe ni ile akademi ya Mohammed VI pale Salé, ndo ilikowapika En-Nesyri, Aguerd na Ounahi. Oktoba 2025 vijana wao wa chini ya miaka 20 wakachukua Kombe la Dunia kwa kuwafunga Argentina mbili bila. Harambee Stars waliwafunga wale wa ligi ya ndani pale Kasarani kwenye CHAN, tukashangilia pwani nzima, na bado kombe wakaondoka nalo.

Tarehe 13 Juni natabiri Moroko, au sare. Brazil watapita kundi, usijali. Wewe vaa jezi yako ya njano.

Mzee mimi ni bodaboda, saa kumi na moja alfajiri niko stendi. Mechi zitakuwa saa ngapi kwa saa za huku, nijue zipi nitakesha?
*Msomaji, Arusha*

Nyingi zitatuumiza kaka, za usiku wa manane na nyingine za alfajiri kabisa, hizo usizifukuzie kisha ukapakia abiria na usingizi. Chagua chache. Ya ufunguzi, tarehe 11 Juni, Meksiko na Afrika Kusini pale Azteca, ni saa nne usiku, hiyo kaangalie. Tarehe hiyo hiyo mwaka 2010 ndo timu hizo hizo zilifungua pale Soccer City na Tshabalala akaachia lile shuti la mguu wa kushoto, wakatoka moja moja. Ya Ufaransa na Senegali tarehe 16 nayo jipange nayo mapema, wanaokumbuka 2002 na goli la Papa Bouba Diop hawatalala. Na fainali, 19 Julai, ni saa nne usiku pia. Ni Jumapili, kwa hiyo Jumatatu omba mwenzako akushikie pikipiki mpaka saa mbili.