Watafiti wanataka damu ya mwanangu, nikubali?

SWALI: Shikamoo Mama Muuguzi. Watafiti wa malaria wamefika kijijini kwetu, wilaya ya Bagamoyo, wanaomba watoto wadogo washiriki utafiti wao. Mume wangu anasema wageni watachukua damu kisha waondoke na faida. Nikubali?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mumeo ana haki ya kuuliza, na asikubali kunyamazishwa. Lakini mwelezee habari ya chanjo ya malaria iitwayo R21. Ilibuniwa Chuo Kikuu cha Oxford, inatengenezwa India na kampuni ya Serum Institute, na ilijaribiwa kwa watoto wa Burkina Faso, Mali, Kilifi nchini Kenya na huko huko kwenu Bagamoyo, kupitia Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) likaipendekeza. Oxford hakuna maambukizi ya malaria. Bila mama kama wewe na wauguzi wanaofuatilia homa nyumba kwa nyumba, isingejulikana kama inafanya kazi. Huo ndio ubia ninaoutetea.

Sasa fomu ya ridhaa. Iwe ya Kiswahili, usomewe polepole, uachiwe nakala. Dai kuonyeshwa kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kama ni dawa au chanjo mpya, na cha TMDA pia, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Uliza: mtoto akiugua nani atalipia matibabu? Damu itahifadhiwa wapi, kwa muda gani? Matokeo mtakuja kutuambia lini? Anayekwepa maswali haya, usimpe mtoto. Na hata ukishatia dole gumba, unaweza kujitoa siku yoyote, na kliniki haina ruhusa ya kukunyima huduma kwa sababu hiyo.

Nendeni wote wawili.