Mwenye nyumba Valencia hataki nijiandikishe manispaa. Ninunue anwani?

Swali: Shikamoo mshauri. Natokea Tanga, niko Valencia wiki ya pili sasa kwa masomo ya uzamili ya mwaka mmoja. Nimepanga chumba na mkataba ninao, lakini mwenye nyumba amenikataza katakata kutumia anwani yake kujiandikisha manispaa. Naambiwa bila hiyo empadronamiento sitapata kadi ya ukaazi ya mwanafunzi inayotolewa na polisi, na mwezi mmoja niliopewa kuiomba unayoyoma. Kwenye kundi la WhatsApp kuna mtu anauza anwani pamoja na miadi ya polisi kwa yuro 200. Wenzangu wawili wameshalipa. Nami nilipe?

Jibu: Marahaba. Usilipe. Mkataba ulionao unatosha, na ruhusa unayoihangaikia huihitaji.

Kila Septemba swali hili linarudi, na kila mara limejengwa juu ya imani ile ile: kwamba padrón, yaani daftari la wakazi la manispaa, ni hisani ya mwenye nyumba. Si hisani. Kifungu cha 15 cha Ley 7/1985, sheria ya Hispania ya serikali za mitaa, kinamtaka kila anayeishi nchini humo ajiandikishe katika manispaa anamoishi. Wajibu ni wako, na manispaa nayo haina hiari ya kukukataa kama kweli unalala hapo. Kinachotakiwa dirishani ni ushahidi tu: pasipoti, fomu ya manispaa, na mkataba wenye jina lako, sahihi za pande zote mbili, tarehe ambazo hazijapita, na anwani kamili hadi ghorofa na namba ya mlango. Mkataba wa msimu, ule wa miezi tisa au kumi wanaopenda kuwapa wanafunzi, nao unakubalika. Idhini ya mtu mwingine huombwa pale ambapo mkataba hauna jina lako.

Basi mwenye nyumba anaogopa nini? Mara nyingi ni kodi. Pango anapokea, Hacienda (mamlaka ya kodi) haijui, na jina lako kwenye daftari la manispaa anaona litamfichua. Wengine wanadhani mpangaji akijiandikisha anapata haki juu ya nyumba. Hapati, padrón haimpi mtu umiliki wala haiongezi siku hata moja kwenye mkataba.

Hali ya kuangalia kwa makini ni moja: aliyekupangisha chumba naye ni mpangaji, na mwenye nyumba halisi hana habari kwamba upo. Hapo karani ataomba idhini ya maandishi ya mwenye mkataba mkuu, yaani huyo aliyekupangisha, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Akikataa, bado manispaa inaweza kuthibitisha makazi kwa njia nyingine, ikiwa ni pamoja na kumtuma polisi wa manispaa aje kubisha hodi. Njia hiyo ni ndefu, kwa hiyo ianze mapema.

Ukifika dirishani, linda jina lako. Fomu za Hispania zina nafasi ya jina na ya koo mbili. Anayeitwa Amina Hassan Juma anaweza kujikuta ameandikwa Hassan kama ukoo wa kwanza na Juma wa pili, wakati pasipoti yake inaonyesha ukoo ni Juma peke yake. Usiondoke kabla hujalinganisha volante, ile hati ya kuthibitisha kwamba umeandikishwa, na pasipoti herufi kwa herufi. Polisi watalinganisha, na wao hawarekebishi padrón. Watakurudisha manispaa, miadi imepotea. Volante iwe haijazidi miezi mitatu.

Miadi ya polisi ya kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya kadi haiuzwi popote kihalali. Ni bure kwenye tovuti ya serikali. Chagua mkoa wa Valencia, kisha huduma ya polisi yenye maneno "toma de huellas". Ukiona "En este momento no hay citas disponibles", hujakataliwa. Nafasi zimeisha kwa wakati huo. Rudi asubuhi na mapema siku zinazofuata, jaribu ofisi zote za mkoa, na uwe tayari kupanda treni hadi mji wa jirani. Kila ukikosa, hifadhi picha ya skrini yenye tarehe, ionekane kwamba ulianza kuhangaika ndani ya ule mwezi.

Siku yenyewe beba fomu EX-17 ya kuomba kadi, picha ya pasipoti yenye mandhari meupe, nakala za pasipoti na viza, volante, na risiti ya ada iliyolipwa kwa fomu 790-012. Ada ni takriban yuro 16 na hulipwa benki kabla ya kwenda. Weka alama kwenye kisanduku cha kadi ya mara ya kwanza, si cha kurefusha. Kama uliingilia Amsterdam au Frankfurt, pasipoti haionyeshi siku uliyoingia Hispania, kwa hiyo tunza pasi ya kupandia ndege ya kuingia Hispania.

Sasa hao vishoka. Wanauza anwani ya nyumba ambayo hujawahi hata kuiona, tena wanaiuza ile ile kwa watu kumi. Manispaa ikiona rundo la wageni kwenye chumba kimoja inakagua, na usiyeishi hapo unafutwa. Sheria ya wageni, Ley Orgánica 4/2000, inamtoza mwenye nyumba anayeruhusu mgeni aandikishwe mahali asipoishi faini ya kati ya yuro 501 na 10,000, kwa kila kichwa. Ukaguzi ukianza, aliyekuuzia hapokei tena simu. Barua za serikali nazo zitakuwa zinapelekwa kwa watu usiowajua. Na miadi wanayouza mara nyingine imekatwa kwa jina la mtu mwingine. Mlangoni wanasoma jina na namba ya pasipoti, hayalingani, unarudi nyumbani. Nakala ya pasipoti uliyowatumia inabaki kwao.

Wenzako wawili wasisubiri ukaguzi. Waende manispaa na mikataba yao ya kweli waombe kubadilisha makazi. Usajili mpya unachukua nafasi ya ule wa kununua. Kama kadi ilishatoka, wawaarifu polisi anwani mpya ndani ya mwezi mmoja.