Uliza Tukujibu: Jirani yako ni kikombe kimoja

Mwezi huu barua zimezidi kurasa nilizopewa, na nyingi zinauliza jambo lilelile kwa sura tofauti tofauti, yaani hawa watafiti wanajuaje kwamba wanajua. Nimechukua tano. Ya kwanza nimeijibu kirefu, mtanivumilia, maana hizo zingine zote zinaiegemea.

Shikamoo mhariri. Jirani yangu alikohoa wiki tatu, akachemsha mizizi fulani akanywa, siku ya nne kapona kabisa. Nikamwambia daktari akacheka, akasema huo sio ushahidi. Sasa kama mtu kapona mbele ya macho yangu sio ushahidi, ushahidi ni nini? — Mwenye Jirani

Marahaba. Kwanza huyo daktari hakutakiwa kucheka, swali lako ni zito na wakubwa wamelihangaikia miaka mingi. Kwamba jirani kapona hakuna anayebisha. Shida ni kwamba hatuna jirani wa pili, yuleyule, kikohozi kilekile, ambaye hakunywa kitu, tukaona yeye angepona siku ya ngapi. Na kumbuka mtu hukimbilia dawa siku aliyozidiwa, na ukishafika kilele cha kuzidiwa mara nyingi kinachofuata ni nafuu, unywe mizizi usinywe, kwahiyo dawa yoyote inayonywewa siku hiyo itajizolea sifa za bure.

Sasa jibu la tatizo hili halikutoka hospitali, lilitoka shambani, na hapo ndo huwa napenda sana hii stori. Kuna kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza kinaitwa Rothamsted, kimekuwa kikijaribu mbolea tangu 1843, na mwaka 1919 wakamwajiri mtu wa hesabu, Ronald Fisher, awasaidie kupekua rundo la takwimu walizokuwa wamelimbikiza. Fisher akakuta shida ambayo kila mtu wa jembe anaijua: shamba halilingani. Kona hii maji yanatuama, kule kuna kivuli cha mti, pale palikuwa na zizi zamani basi udongo wake ni mtamu mpaka leo. Ukimwaga mbolea mpya upande wa zizi utavuna vizuri utaisifia mbolea, kumbe sifa ni za ng'ombe waliokufa zamani. Na ukisema basi nitagawa mwenyewe kwa haki, jicho lako litakuibia bila wewe kujua, utapendelea tu. Fisher akasema kata shamba vipande vidogo vidogo, halafu kipande gani kipate mbolea na kipi kikose aamue nani? Kura. Kura haina mpenzi wala adui, na uzuri wake mwingine ni kwamba ukishapiga kura unaweza kukokotoa tofauti uliyoiona ingeweza kutokea kwa bahati tupu mara ngapi.

Mfano wake maarufu ni wa chai. Pale kituoni kulikuwa na mwanasayansi wa mwani, Muriel Bristol, aliyesema akionja anajua kama maziwa yametangulia kwenye kikombe au chai ndo imetangulia. Watu wakaguna. Kwenye kitabu chake cha 1935 Fisher akaufanya ubishi wa aina hiyo kuwa somo: andaa vikombe nane, vinne maziwa kwanza, vinne chai kwanza, vichanganye kwa kura, mwonjaji avitenge. Njia za kuchagua vinne kati ya vinane ziko 70, kwahiyo anayebahatisha tu ana nafasi moja kati ya 70 ya kupatia vyote. Ila ukimpa kikombe kimoja? Nusu kwa nusu, hata mimi ningepatia. Jirani yako, ndugu yangu, ni kikombe kimoja.

Hospitali zilikuja kuiga baadaye. Baada ya vita ya pili ya dunia dawa ya streptomaisini ya kifua kikuu ilikuwa adimu Uingereza, haiwatoshi wagonjwa, ikabidi wapatikane watakaopewa na watakaokosa, na mtakwimu Austin Bradford Hill akatumia kura kwa siri: namba zimo kwenye bahasha zilizofungwa, daktari hafungui mpaka mgonjwa ameshakubaliwa kuingia, asije akachagua wenye nafuu awape dawa ili ionekane nzuri, au kwa huruma akawapa walio hoi. Wagonjwa 107. Hamsini na tano wakapata sindano pamoja na kupumzika kitandani, 52 wakapumzika tu, ndo tiba ya kawaida ya siku zile. Waliosoma picha za eksirei hawakuambiwa picha ni ya nani. Baada ya miezi sita kwenye kundi la dawa walikuwa wamekufa 4, kwenye lile lingine 14. Matokeo yalichapishwa 1948.

Na jaribio hilohilo likaonyesha ubaya wa dawa pia, kwamba wadudu wa wagonjwa wengi waliopewa sindano walijenga usugu, ndo maana leo TB inatibiwa kwa dawa kadhaa kwa mpigo. Usingeliona hilo kwa kumwangalia jirani mmoja akipona.

Mizizi ya jirani yako inaweza kuwa inafanya kazi, sijasema haifanyi. Artemisinini ya malaria ilitoka kwenye mmea uliotajwa kwenye maandishi ya kale ya tiba ya Uchina, na mwanasayansi wa Uchina, Tu Youyou, alipata Nobeli 2015 kwa kazi hiyo. Lakini kilichotoka kwenye maandishi kilipimwa kwanza.

Mhariri mambo. Ile picha ya shimo jeusi, duara la rangi ya machungwa, watu wanasema hakuna kamera iliyopiga, ni kompyuta ndo imeunganisha unganisha. Sasa si wamechora walichokitaka? — Mbishi wa Zamu ya Usiku

Poa kaka, na ubishi wako una akili, maana wenyewe waliotengeneza picha ndo walikuwa waoga kuliko wewe.

Picha ilitolewa tarehe 10 Aprili 2019, ni ya shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hautoki, lililo katikati ya M87, galaksi moja (kundi kubwa la nyota). Zilitumika darubini nane za redio, Hawaii, Arizona, Mexico, Chile, Hispania mpaka Ncha ya Kusini, zikapima kwa pamoja Aprili 2017 (ile ya Ncha ya Kusini haiioni M87, ilisaidia kusahihisha vipimo tu), ili zikiunganishwa zifanye kazi kama darubini moja yenye upana wa dunia. Data ilikuwa nyingi mno kupitisha kwenye intaneti, ikabidi diski zisafirishwe kwa ndege, na zile za Ncha ya Kusini zilikaa miezi kusubiri baridi kali ipungue ndege ziweze kufika, hebu waza, watu wamekaa na robo tatu ya barua hawawezi kuisoma.

Darubini nane haziijazi dunia, kwahiyo picha inakuja na matundu, kama gazeti lililoliwa na panya. Kuna namna nyingi za kujaza matundu na ukishajua unatafuta duara, mkono utachora duara. Walichofanya, wakajigawa timu nne, kila moja inatengeneza picha yake na ni marufuku kuambiana. Walipokutana kulinganisha, zote nne zilikuwa na duara, na upande wa chini unang'aa zaidi. Hawakuishia hapo, wakazilisha programu zao data ya uongo ya vitu visivyo duara lililo wazi katikati, kwa mfano sahani iliyojaa katikati, waone kama programu itaichora duara kwa mazoea. Unaona, ni bahasha zilezile za Bradford Hill, zimehamia angani.

Rangi ya machungwa hapo ndo una haki, imechaguliwa na watu. Mawimbi yenyewe ni ya redio yenye urefu wa kama milimita 1.3, jicho halioni rangi yoyote.

Toleo lililopita mliandika "miaka ya nuru mingi iliyopita". Mwaka wa nuru sio muda jamani. — Mwalimu Mstaafu

Shikamoo mwalimu, nimekoma. Ni umbali, ule ambao mwanga unatembea kwa mwaka, kama kilomita trilioni 9.5. Hiyo M87 hapo juu iko umbali wa miaka ya nuru kama milioni 55. Aliyeandika ni mimi, sina wa kumsingizia.

Habari za kazi. Binti yangu anasomea biolojia mwaka wa pili na anataka kuacha, anasema akili mnemba imeshamaliza kila kitu, protini zote zimejulikana. Nimwambieje? — Mama Mwenye Ada

Nzuri dada, pole na presha. Mwambie habari aliyoisikia ni ya kweli ila imekatwa kichwa na mkia.

Protini ni kama uzi wa shanga unaojikunja wenyewe, na umbo lake likishakuwa ndo linaamua kazi yake, itabeba oksijeni au itakata chakula tumboni. Kujua umbo la moja tu ilikuwa shughuli, unaitengenezea fuwele, fuwele inagoma, unarudia, ikikubali unaipiga eksirei, mwaka unaisha. Mwaka 2020 programu ya akili mnemba ya AlphaFold, ya kampuni ya DeepMind, ikaanza kukisia maumbo hayo kwa usahihi uliokaribia wa maabara, 2022 wakatoa zaidi ya milioni 200, na 2024 Demis Hassabis na John Jumper wa kampuni hiyo wakapata nusu ya Nobeli ya kemia, nusu nyingine ikaenda kwa David Baker kwa kubuni protini mpya.

Ila tulijuaje kama kweli inapatia? Maana kompyuta ikipimwa kwa maswali iliyokwisha kuyaona ni kama mwanafunzi aliyeuziwa mtihani uliovuja, atapata mia na hajui kitu. Tangu 1994 kuna shindano linaitwa CASP, kila baada ya miaka miwili. Waandaaji wanakusanya protini ambazo umbo lake limeshapatikana maabara au liko mbioni kupatikana ila halijatangazwa popote, washindani wanapewa mpangilio wa shanga tu, majibu yamefungiwa. AlphaFold ilishinda hapo, mtihani haujavuja, ndo maana watu wa fani waliamini.

Na hayo maumbo ya kujifunzia ilitoa wapi? Kwenye hifadhi ya protini iliyofunguliwa 1971, ambayo imejazwa na watu waliokesha na fuwele zao, wengine mpaka wakastaafu. Halafu umbo linalotolewa limetulia kama picha ya pasipoti wakati protini yenyewe inachezacheza, na hata ukiwa na umbo sahihi bado hujapata dawa, na ukiipata dawa lazima irudi kwenye bahasha. Kwahiyo asiache. Aongeze programu kidogo na takwimu sana, takwimu ndo wengi wanaikimbia.

Kwanini wanasayansi wa mimea wanakomaa na kigugu kisicholiwa badala ya mazao? — Mkulima wa Simu

Unamaanisha Arabidopsis, ndugu yake haradali na kabichi. Ni mdogo, wiki sita tu umeshapata mbegu, mbegu zenyewe maelfu, na maandishi yake ya urithi ni mafupi, kama herufi milioni 135, wakati ngano ina kama bilioni 16. Ndo mmea wa kwanza kusomwa wote, mwaka 2000, na jeni ikishaeleweka humo unaenda kumtafuta pacha wake kwenye mazao.

Hata mwezini wamempeleka yeye, au tuseme mwezi umeletwa kwake. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walitangaza kwamba wamempanda kwenye udongo uliorudishwa na safari za Apollo. Walipewa gramu 12 tu, kila mmea ukapata kama gramu moja kwenye kishimo saizi ya subana ya mshonaji. Mbegu zikaota, ila mizizi ikadumaa na mimea mingine ikageuka zambarau kwa shida. Na walijuaje kwamba shida ni udongo wa mwezi na sio kubanwa kwenye subana? Pembeni walikuwa wamepanda mingine kwenye majivu ya volkano ya hapahapa duniani, vishimo vilevile, maji na mwanga vilevile, na hiyo ikastawi vizuri tu.