Alisema "go Dutch", nikalipia steki yake

*Shikamoo Shangazi. Niko Manchester, nasoma shahada ya pili. Kijana wa Kiingereza tunayesoma naye alinitumia ujumbe tutoke tukale jioni, mwishoni akaandika "we can go Dutch". Mimi nikajua tunakwenda mgahawa wa Kiholanzi. Bili ilipoletwa akasema tugawane nusu kwa nusu. Nilikula pasta ya pauni 14.50 na maji ya bomba, ya bure. Yeye alikula steki ya pauni 26 na glasi mbili za waini, pauni 17. Juu yake ada ya huduma asilimia 12.5. Nimelipa pauni 32 na ushee, na nimenuna hadi leo. Je, amenidharau? – Binti wa Tanga*

Marahaba, mwanangu. Hajakudharau. Alikwambia mapema, kabla hujatoka nyumbani, kwamba kila mtu ajilipie. Kwetu anayealika ndiye anayelipa, lakini kwao "let's have dinner" haina ahadi yoyote ya pesa. Ofa ina maneno yake: "my treat", "it's on me", "I'll get this". Usipoyasikia hayo, beba pochi.

Alipokosea ni mezani. "Go Dutch", kwa maana yake ya asili, ni kila mmoja kulipia alichokula. Kugawana sawasawa wanaita "split the bill", na wakiwa wawili, "go halves". Tatizo ni kwamba Waingereza wengi wenyewe huyachanganya, kwa hiyo usimhukumu kwamba alikutega. Piga hesabu uone: pasta yako pamoja na ada ni pauni 16.31. Umelipa karibu mara mbili.

Kinga yake ni kusema kabla ya kuagiza, si bili ikishafika. Mwambie mwenzako, "Shall we each pay for what we have?", na mhudumu umwambie, "Could we pay separately, please?" Wakikataa kutoa bili mbili, usihangaike: mashine ya kadi hupokea kiasi chochote. Jumlisha vyako, zidisha kwa 1.125, mtajie mhudumu kiasi hicho. Ukilipa bei ya kwenye menyu tu, ada yako inamwangukia mwenzako, na hapo ndipo manung'uniko huanzia. (Ada hiyo mara nyingi ni ya hiari, soma chini ya risiti. Mkitaka iondolewe, kubalianeni kwanza.) Sahani mliyochangia, igawanyeni kwa idadi ya walioila, si ya waliokaa mezani.

Ukifika Marekani hesabu inabadilika. Bei ya menyu kwa kawaida haina kodi ya mauzo, na bakshishi ya asilimia 15 hadi 20 inategemewa, kwa hiyo chakula cha dola 20 kitakutoka kama 25.

Nawe ukitaka kuutumia msemo huu, kitenzi chake ni "go": "we went Dutch on dinner". Ni lugha ya marafiki, usimwandikie profesa wako. Mbele ya Mholanzi uache kabisa. Uingereza na Uholanzi zilipigana vita vya baharini karne ya 17, na Kiingereza kimebaki na misemo kadhaa ya kuwakejeli; baadhi yao huu nao huwakera.

Pauni zako 16 usizidai. Akikualika tena, jibu hivi: "Happy to go Dutch, but let's each pay for our own."

Ila baa usiupeleke msemo huu. Kule wananunuliana kwa raundi: ukipokea soda ya mtu aliyesema "it's my round", unadaiwa kuwanunulia wote zamu yako ikifika, na bia zao sita si bei ya soda yako. Kabla hujapokea chochote sema, "I'll get my own, thanks." Hakuna atakayekushangaa.