Wasomaji Wauliza: Bobby Charles ni nani?

SWALI: Shikamoo mzee. Nimesikia wimbo “Small Town Talk” wa Bobby Charles, umenikaa kichwani. Huyu ni nani, na ana albamu ya kutafuta? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Ni mzaliwa wa Abbeville, kule kwenye vinamasi vya Louisiana, kusini mwa Marekani. Nyimbo zake zilivuma midomoni mwa wengine: “Walking to New Orleans” ya Fats Domino, ya mwaka 1960, ni kazi yake. Hakusoma nota wala hakupiga ala. Aliimba kilichomjia, wapigaji wakamfuata.

Tafuta albamu ya 1972 yenye jina lake tu. Ilirekodiwa Woodstock, New York, na wanamuziki wa The Band, kundi la muziki wa roki, wamo. Rick Danko wa kundi hilo ndiye aliyetunga naye huo wimbo wako. Haikuuza, na mimi hilo linaniuma mpaka leo. Anaimba bila haraka, kama mtu anayezungumza barazani baada ya kula. Anza na wa mwisho, “Tennessee Blues”. Zima kila kitu, sikiliza kodiani inavyoingia pale anaponyamaza. Alifariki Januari 2010.