Mstari uliopita jikoni

Mhariri, mmeuliza wiki hii: warithi wenye nyumba moja waiuze au wabaki nayo? Hapo mmeruka hatua, kwanza tuambiwe hati ya umiliki inasemaje. Mwenye hisa iliyotajwa anaweza kuiuza au kuirithisha. Hisa zisipotajwa, baadhi ya nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza huweza kuwapa waliobaki sehemu ya aliyekufa, wosia useme utakavyo.

Wengi hukimbilia kukata ardhi. Nakumbuka ndugu watatu na kiwanja cha mita 30 kwa 40, upande mfupi ukitazama barabara. Kwenye karatasi ni rahisi: vipande vitatu vya mita 10 kwa 40. Mpima alipopiga bikoni, yaani alama za mpaka, mstari ukapita katikati ya jikoni. Mmoja akapata nusu ya jikoni na shimo la choo la nyumba nzima, mwingine sebule isiyo na mlango wa nje. Wakageuza mistari, ikafuata upana. Sasa wawili wa nyuma hawana njia. Njia ya mita 4 kando ya mpaka ikameza mita za mraba 107 hivi, na mistari ikachorwa tena. Nyumba yote ikaangukia kipande cha mbele, shimo likabaki kwa wa katikati, na wa mbele akatakiwa kuwafidia wenzake. Yaani walimlipa mpima mara tatu ili wafike kwenye kununuana, mmoja kulipia hisa za wenzake, jambo walilolikataa siku ya kwanza!

Kununuana kuna hesabu yake. Mthamini awe mmoja, aliyekubaliwa na wote. Thamani ikiwa milioni 120 na deni la benki 30, inabaki 90, kila mmoja 30. Kabla ya hapo aliyeezeka paa kwa pesa zake alete risiti, na aliyepokea kodi ya wapangaji peke yake aiweke mezani. Anayetoka aombe benki imwondoe kwenye mkopo kwa maandishi, maana jina kufutwa kwenye hati hakufuti deni.

Nilikusudia kuandika kwamba mahakama ikimbiwe. Ardhi isipogawika bila kuharibika, huweza kuamuru iuzwe, na mnadani bei huteremka. Lakini yule anayeishi humo bure na hataki kusikia lolote ataitwa na nani? Sehemu nyingi mmiliki mmoja tu anatosha kudai mgawanyo. Basi fungueni shauri, mradi hisa zijulikane na mwenye umri mdogo awe na msimamizi, na mazungumzo yaendelee hadi siku shauri litakapotajwa mahakamani. Mkikubaliana, mahakama iombwe iyasajili makubaliano yenu yawe amri.